Mkate wa Sungura

Ardhi ya Duluth imegoma kukupokea, baba.
Barafu imezama futi nne, kasema mchimba kaburi,
tungoje Mei.
Nikakusikia ukiguna ndani ya sanduku:
Mlitaka nini? Zege halimwagwi Januari.

Basi unangoja, Eino Rautala,
katika chumba cha matofali nyuma ya kanisa,
ambacho (nimeuliza) hukukijenga wewe.
Kona ya kushoto imepinda upana wa kidole.
Ungekuwa hai usingelala humo hata usiku mmoja.

Ndivyo ulivyokuwa. Ugenini, kabla ya kuvua koti,
uligonga ukuta wa watu kwa kifundo, ukasikiliza
kama tabibu kwenye kifua cha mgonjwa,
na mama, kwa haya, akakukanyaga mguu.
Wasemao usipoziba ufa utajenga ukuta
hawakukujua: wewe ulifanya yote mawili
kwa mshahara mmoja.

Vidole nane. Viwili vilibaki kwenye winchi
kule ghala la ngano, mwaka niliozaliwa.
Biashara nzuri, ulisema, ukinishika mikono:
nimetoa viwili, nimelipwa kumi.

Saruji ilikula ngozi yako polepole.
Kila jioni mama alimimina siki katika beseni la bluu,
ukazamisha mikono, ukafumba macho,
nasi tukajua kwamba nyumba imekamilika.
Hadi leo, nikipita penye achari sokoni,
nasimama. Watu hunipita kwa vikapu vyao.

Halafu kasha la bati.
Ndani yake, siku zote, nusu kipande cha mkate mweusi
na jibini iliyotoa jasho.
Nimekutana na sungura pale relini, ulisema,
kanituma niwaletee.
Kaarlo aliuliza: leo kavaa nini?
Leo? Kofia ya sufu. Kapoteza kitufe kimoja.
Tuligawana kwa uzi, tukatafuna kimya kimya,
mkate mkavu wenye ladha ya bati,
na hakuna keki niliyokula tangu hapo
iliyothubutu kusimama karibu nao.
Nilipofika miaka tisa niliacha kuamini.
Nikaendelea kula.

Jana, kwenye kahawa ya msiba, Skalstad,
yule mfunga nondo, mzee sasa, masikio mazito,
alisema kwa sauti ukumbi mzima ukasikia:
Majira yale kampuni ilipofunga, miezi mitano,
baba yenu alitoka na kasha lake saa kumi na mbili asubuhi
akaketi kituo cha treni, penye joto, hadi jioni.
Adhuhuri alikata mkate katikati.
Nusu alikula. Nusu aliifunga.
Nikamwambia, maliza, Eino, unakonda.
Akasema: sungura atanidai.

Ukumbi ukanyamaza. Kijiko cha mtu kikaanguka.
Kaarlo aliangalia dari, akihesabu mbao.
Tukamgeukia mama.

Mama alikuwa akikoroga kikombe kisicho na sukari.
Nilijua, alisema. Viatu havikuwa na saruji.

Lakini siki, mama? Kila jioni ulimimina siki.

Ndiyo.

Naye?

Alinawa.

Hakuongeza neno, akaomba maziwa.

Usiku nikaliona beseni la bluu, mvuke,
na mikono misafi, isiyo na kazi wala kidonda,
ikioshwa kwa utaratibu, kidole baada ya kidole, vyote nane,
mbele ya mwanamke ashikaye taulo
asiyeuliza.

Niliwahi kuishi na mwanamume miaka sita.
Tuliambiana kila kitu.

Mei itafika. Watachimba.
Nitakwenda mapema, kabla ya mchungaji,
na pima maji yako mfukoni, nilaze chini ya shimo,
nisubiri kile kiputo kitulie katikati.
Kaarlo anasema ni upuuzi, nisiilete.
Nitaileta.